Hukumu isiyotiiwa

Marekani ni muungano wa majimbo: kila jimbo lina serikali yake, na juu ya yote iko Katiba moja. Mwaka 1831 jimbo la Georgia lilimfunga mmisionari Mprotestanti, Samuel Worcester, kwa kuwa alikaa katika inchi ya Wacherokee bila ruhusa ya jimbo. Mwaka 1832 Mahakama Kuu ikaamua kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika inchi ile. Georgia ikakataa kumfungua, wala Rais Jackson hakuilazimisha. Worcester alitoka mwaka 1833, kwa msamaha wa gavana. Lakini Wacherokee? Mwaka 1838 askari wa muungano wakawafukuza, na maelfu wakafa. Basi, msomaji mpenzi, sheria njema haimlindi mnyonge kama wenye nguvu hawaitii.