Shangazi Huangalia Masikio

Kwetu Korogwe mtoto akizaliwa, shangazi yangu hamtazami usoni kwanza. Humgeuza kichwa taratibu, hukunja sikio kwa kidole gumba na kuchungulia ukingo wake wa juu. Kisha hukagua ngozi iliyo kwenye mashina ya kucha. Hapo ndipo hutoa hukumu: "Huyu mweusi kama babu yake," au "Huyu maji ya kunde." Mimi naambiwa nilizaliwa mweupe hadi majirani wakamtania mama. Shangazi alikuwa ameshaona masikio, akawaambia wasubiri. Haikuchukua hata miezi mitatu.

Nilidhani ni mambo ya wazee tu, mpaka nilipojua kwamba mtoto huzaliwa kabla rangi yake haijakamilika. Seli zinazotengeneza melanini, ile chembechembe inayoipa ngozi na nywele rangi, huongeza kasi wiki na miezi baada ya kuzaliwa, na mara nyingi ncha za masikio na mashina ya kucha hutangulia. Kumbe shangazi alikuwa anasoma kitu ambacho kweli kimeandikwa pale.

Miaka minne iliyopita wifi yangu alijifungua mtoto wa kike. Shangazi akaangalia masikio, akaangalia kucha, akarudi kwenye masikio. Hakusema neno. Nywele za mtoto zilikuwa na rangi ya majani makavu. Kabla jua halijazama, mtu mmoja wa upande wetu, simtaji, alikuwa ameshamvuta kaka yangu pembeni na kumuuliza kama ana uhakika na mkewe.

Nilianza kusoma kwa hasira. Nilitaka kujua ni lini watu walianza kumtazama mtu rangi na kudhani wameshajua habari zake zote. Jibu la swali hilo ni refu kuliko umri wangu, lakini sehemu yake moja ilinifikisha Berlin.

Huko, kwenye jumba la makumbusho la mambo ya kimila, alifanya kazi Mwaustria mmoja, Felix von Luschan, aliyezaliwa 1854. Alitengeneza vipande 36 vya kioo kisichopitisha mwanga, kila kimoja na rangi yake na namba yake, kuanzia karibu na weupe wa maziwa hadi karibu na weusi wa makaa. Mpimaji aliviweka kando ya ngozi ya mtu, sehemu isiyopigwa na jua, kama upande wa ndani wa mkono, akaandika namba. Kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba wapimaji wawili wakimpima mtu yuleyule waliweza kuandika namba mbili tofauti, kwa hiyo baadaye wataalamu waliviacha vioo hivyo, wakatumia mashine inayopima mwanga unaorudishwa na ngozi.

Luschan ni mtu mgumu kumweka kwenye fungu moja. Mwaka 1911 alihudhuria kongamano la kimataifa kuhusu rangi za watu, London, na msimamo wake ulikuwa kwamba binadamu ni jamii moja. Wakati huohuo alikuwa amewaomba maofisa na madaktari wa makoloni wamtumie mifupa ya watu. Nao walituma. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyotoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na maeneo jirani: 904 yalitoka inakoitwa sasa Rwanda, 202 Tanzania. Mwaka huohuo vipimo vya DNA viliwaunganisha baadhi yao na familia zilizo hai, huko Kilimanjaro. Nilisoma habari hiyo ndani ya basi la Moshi, mlima ukiwa dirishani, nikaifunga simu.

Mwenzake Eugen Fischer hakuhangaika sana na ngozi. Yeye alikuwa na kijaluba cha bati chenye vifungu 30 vya nywele, vimepangwa kwa namba kama sampuli za vitambaa dukani. Mwaka 1908 alikwenda Rehoboth, katika Namibia ya leo, kuwapima watu wa jamii iliyotokana na ndoa za Makaburu na Wakhoikhoi. Miaka michache tu kabla, Wajerumani walikuwa wamewaangamiza Waherero na Wanama katika nchi hiyohiyo. Fischer aliandika kitabu, akapanda cheo, na mwaka 1927 akawa mkurugenzi wa taasisi mpya ya elimu ya binadamu huko Berlin. Mwaka 1937 utawala wa Hitler uliwahasi kwa siri mamia ya watoto waliozaliwa na mama wa Kijerumani na askari wa makoloni ya Ufaransa, na wataalamu wa taasisi yake walishiriki kuwakagua. Ngozi, nywele, pua. Kutoka kijaluba cha bati hadi meza ya upasuaji ni miaka isiyofika thelathini.

Ningependa kuishia hapo, na lawama zote zibaki Berlin. Lakini yule aliyemvuta kaka yangu pembeni hajawahi kuona kioo cha Luschan. Lugha yetu yenyewe ina ngazi zake. Nywele ni za singa au za kipilipili, na kila msichana anajua ipi inasifiwa harusini. Binti mweupe kidogo anaitwa mwekundu, na mahari inatajwa kwa sauti nyingine. Nina rafiki aliyetumia mkorogo miaka sita. Mashavu yake yalitakata, vifundo vya vidole vikabaki vyeusi, na sasa hawezi kukaa juani. Na kuna lile neno zeruzeru, ambalo watu wenye ualbino wamelikataa. Chama chao nchini kiliundwa 1978. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, hasa kanda ya Ziwa, watu walianza kuuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge; mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini wakamchagua Salum Khalfani Barwany. Wifi yangu anayajua majina hayo mawili kama wengine wanavyojua majina ya wachezaji wa Yanga.

Babu alikuwa na mbuzi mweusi tii aliyezaa mapacha, mmoja mweusi, mmoja mweupe mwenye doa jekundu mgongoni. Hakuna aliyemvuta pembeni beberu. Kwa wanyama tunapokea tu, isipokuwa pale rangi inapogeuka bei. Kule Ishaqbini, Garissa, palikuwa na twiga weupe. Hao hawakuwa na ualbino, macho yao yalikuwa meusi. Ni ngozi na manyoya tu vilivyokosa rangi. Machi 2020 ilitangazwa kwamba jike na ndama wake wameuawa na majangili. Akabaki dume mmoja, akafungwa kifaa cha setilaiti pembeni aonekane alipo kila saa. Niliposoma hilo nilimfikiria mpwa wangu, ambaye mama yake hamruhusu kwenda dukani peke yake hata hatua ishirini.

Kaka na wifi nao walikwenda kliniki. Walielezwa kwa kuchorewa kwenye karatasi: kila mmoja wao amebeba nakala moja yenye hitilafu ya jeni iitwayo OCA2, na mtoto amepokea zote mbili. Seli za rangi anazo, ila zinashindwa kutengeneza melanini ya kutosha. Hitilafu hiyo ni ya zamani sana na imesambaa Afrika. Tanzania hukadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino kati ya kila 1,400. Kwa hiyo swali la yule ndugu lilikuwa limekaa kinyume kabisa, maana rangi ya mtoto ilihitaji baba abebe hitilafu ileile. Kaka aliikunja karatasi akaiweka kwenye pochi, na anayo mpaka leo.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya ngozi za Waafrika zaidi ya 2,000, wakiwemo Watanzania. Walipima upande wa ndani wa mkono, palepale alipopapenda Luschan. Walikuta kwamba jeni nyingi zinazong'arisha ngozi na zinazoitia weusi zilianzia Afrika, baadhi maelfu kwa maelfu ya miaka kabla ya watu kufika Ulaya. Jeni moja kati ya hizo, ikiharibika kwa panya, manyoya yake huwa ya kijivu. Nilimweleza shangazi. Akasema, "Basi panya nao wana ukoo."

Juni iliyopita wifi alijifungua tena. Mpwa wangu alikuja na kofia yake pana, amepakwa yale mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa Moshi, akadai na yeye aonyeshwe namna ya kuangalia. Shangazi akamshika mkono, akamwelekeza kidole gumba. Mtoto akasogeza uso mpaka pua ikagusa sikio la mdogo wake, kwa kuwa macho yake yanahitaji ukaribu huo.

"Meusi," alisema. Kisha akavua kofia. "Bibi, na yangu yalikuwaje?"

"Yako," shangazi akasema, "yalinishinda kusoma."