Askari wa Akiba Anaenda Retreti na Miaka Mingapi?



Kuna siku katika kikundi cha WhatsApp cha promosheni yetu ya agronomia, mwenzetu mmoja wa upande wa Fizi aliandika swali fupi: "Bandugu, sisi wa rezeve, retreti yetu iko na miaka ngapi?" Watu wakacheka. Mmoja akamjibu aombe kwanza mshahara, retreti itakuja yenyewe. Mwingine akatuma picha ya mzee mwenye mkongojo mkono mmoja na bunduki mkono mwingine. Na mimi nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu yule ndugu hakuwa anafanya mchezo. Ana lisanse kama mimi, ana miaka 29, mke na watoto wawili. Siku za kawaida anafundisha biolojia na kulima muhogo. Wakimwita, anaacha chaki na jembe, anapanda pozisheni wiki moja au wiki tatu, kisha anarudi darasani. Hajui kama kuna mahali zile siku zinaandikwa.

Nilitaka nimjibu kwa kitu cha maana. Nikaanza na baba mkubwa, kule Minembwe.

Baba mkubwa alibeba bunduki ya serikali akiwa kijana, miaka ile baada ya vita vya Mulele. Kwa wadogo zetu ambao shuleni walisomeshwa haraka haraka: mwaka 1964 waasi wa Simba walikamata Uvira, vita vikaenea Fizi na Baraka, na Che Guevara mwenyewe alikaa huku kwetu toka Aprili mpaka Novemba 1965. Jeshi la Kinshasa liliporudisha Baraka mwishoni mwa 1965, Simba walipanda milimani. Huko wakakuta wafugaji na ng'ombe zao, vita vikageuka vya jirani na jirani. Jeshi likaanza kuwapa vijana wa juu bunduki ili wasaidie. Wenyewe waliitwa abagiriye, na wazee wanasema neno lile lilitoka kwenye Kifaransa, guerriers. Wengine baadaye waliingia jeshini kabisa. Wengine, kama baba mkubwa, walirudisha bunduki na kurudi kwa ng'ombe.

Nilimpigia simu. Rezo ilikatika mara tatu. Nikamuuliza aliingia mwaka gani, akatoka mwaka gani, na alikuwa na miaka mingapi.

"We mtoto, miye sikuandikwaka. Walitupatiaka bunduki, karatasi hawakutupatiaka. Miaka yangu unaitafutia nini? Unataka kunioza?"

Kadi yake ya uchaguzi inasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1956. Sasa hesabuni wenyewe: mwaka 1967 angekuwa mtoto wa miaka 11. Mwenyewe anasema wakati ule alikuwa tayari ameota ndevu. Mama mkubwa ana hesabu yake ya tatu, inayotokana na mwaka ambao ng'ombe walikufa kwa ugonjwa. Na nyinyi mnajua ile tarehe 1 Januari. Nusu ya wazee wetu walizaliwa siku ile moja, kana kwamba mwaka mzima mama zetu walikuwa wanaingojea.

Nina rafiki wa Baraka ambaye babu yake alikuwa upande wa Mulele, kule kule ambako baba mkubwa alikuwa anapiga. Yeye naye hakupata karatasi, na hilo linaeleweka, muasi hapewi pensheni na serikali anayoipiga. Lakini ajabu ni kwamba, kwa upande wa makaratasi, aliyeitetea serikali na aliyeipiga walizeeka sawasawa.

Hapo nikaona kwamba swali la mwenzetu lina maswali mengine tumboni. Kabla ya kuuliza umri wa kustaafu, lazima vitu vitatu viwe vimeandikwa: ulizaliwa lini, uliingia lini, ulitumika siku ngapi. Sisi wa kilimo tulifundishwa hivyo mwaka wa kwanza. Shamba la majaribio lisilo na tarehe ya kupanda kwenye daftari, hata likitoa mahindi makubwa namna gani, profeseri analitoa kwenye hesabu.

Na historia ya huku kwetu ni historia ya watu waliotolewa kwenye hesabu. Twende mpaka 1916. Wabelgiji walitaka kuwatoa Wajerumani Ruanda, Urundi na ng'ambo ya ziwa. Jenerali Tombeur alikamata Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Askari wa Force Publique walikuwa maelfu, lakini nyuma yao walitembea wapagazi. Katika vita vile vyote, wapagazi wa Kongo wanakadiriwa kuwa 260,000. Walibeba risasi, unga, mizigo ya wakubwa, wakafa kwa njaa, baridi na kuhara. Askari alikuwa na matrikule na muda wake wa kutumika ulijulikana, miaka 7. Mpagazi alikuwa kichwa na mzigo tu. Tombeur akaja kuwa baron, akaitwa Tombeur de Tabora, jina la mji likaingia katika jina lake. Waliombebea vitu vyake mpaka mji ule, hata majina yao hatuna.

Kwa Waingereza mambo hayakuwa mazuri zaidi. Jeshi lao la wapagazi lilituachia majina ya mitaa: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yote yanatoka kwenye Carrier Corps. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa ilibaki bila kuchukuliwa. Oscar Watkins, aliyekuwa mkubwa wa jeshi lile la wapagazi, alipigania pesa zile ziwafikie watu wa marehemu. Serikali haikukubali. Sababu iliyorudiwa ni ile mnayoweza kuikisia: wenye haki hawajulikani, maandishi hayatoshi. Yaani serikali iliyoshindwa kuandika vizuri ikatumia ule uandishi wake mbaya kama sababu ya kutolipa. Hili jambo limenikaa moyoni kuliko yote niliyosoma.

Katika vita vya pili vya dunia Force Publique ilienda Ethiopia, na kituo chake cha matibabu kilienda mpaka Burma. Mmoja wa waliofika Burma, kaporali Albert Kunyuku, alipewa nishani na mfalme Philippe wa Ubelgiji hapo Kinshasa mwezi Juni 2022. Alikuwa na miaka 100. Picha zake zilizunguka sana, na mimi nilizishea. Lakini angalieni vizuri: ili nishani ile imfikie, ilimpasa aishi miaka 100, na jina lake liwe limeandikwa mahali toka miaka ya 1940. La kwanza ni Mungu. La pili ni karani fulani ambaye siku ile alifanya kazi yake.

Sasa niende mbali kidogo, Marekani, kwa sababu kule swali la mwenzetu lina jibu la namba. Sheria yao ya 1948 ilimpa askari wa akiba haki ya pensheni, ingawa si askari wa kila siku. Walifanyaje? Walihesabu kwa pointi. Siku moja ya kazi kamili ni pointi moja. Mazoezi ya saa nne ni pointi moja, kwa hiyo wikendi moja ya mazoezi inaleta pointi 4. Kuwa mwanachama tu kwa mwaka mzima kunaleta pointi 15. Ukifikisha pointi 50, mwaka wako ni mwaka mzuri, unahesabiwa. Ukipata miaka mizuri 20, unaruhusiwa kungoja pensheni, na kwa kawaida unaanza kuipokea ukifika miaka 60. Toka 2008, aliyeitwa vitani anashushiwa umri: kila siku 90 za kazi zinaondoa miezi mitatu, lakini hauwezi kushuka chini ya miaka 50.

Siandiki haya ili tutamani Marekani, kila nchi ina mfuko wake. Kilichonivutia ni kwamba fikra yenyewe ni ya mkulima. Mtu aliyelima siku mbili kwa mwezi hawezi kudai mavuno ya aliyelima kila siku, lakini zile siku mbili hazipotei. Zinaandikwa. Mwalimu wetu wa biolojia, kwa hesabu ile, wiki zake tatu pozisheni zingekuwa pointi 21 bila ubishi wowote.

Huku kwetu tulijaribu kuhesabu mara moja kwa nguvu. Baada ya makubaliano ya Pretoria ya Desemba 2002, majeshi yote yaliyokuwa yanapigana, Mai-Mai nao ndani, yalitakiwa kuchanganywa kuwa jeshi moja, ile brasaji. Aliyechagua kurudi uraiani alipewa dola 110 za kuanzia, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, imeisha. Haikuwa pensheni, ilikuwa kwaheri. Aliyebaki jeshini alikutana na hesabu nyingine: toka 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, ulisaidia kuhesabu askari, kuchukua alama za vidole, kuwapa kadi, na kutenga njia ya mshahara na njia ya komandima. Ikaonekana askari wengi walikuwa ni majina tu, watu hewa ambao mkubwa fulani alikuwa anakula mshahara wao. Oneni maajabu: hewa iliandikwa na kulipwa, na mtu mwenye nyama na damu kama baba mkubwa hakuandikwa kabisa.

Ndiyo tunafika kwenye leo. Katiba yetu ya 2006 ina maneno mawili ambayo kila kijana wa Kivu anayaishi. Kipengele cha 63 kinasema kila Mkongomani ana haki na wajibu mtakatifu wa kulinda nchi. Kipengele cha 190 kinasema anayeunda kundi lake la silaha, au kulisha vijana wenye silaha, ni msaliti mkubwa. Miaka mingi vijana wetu walikuwa katikati ya vipengele hivyo viwili. Novemba 2022 Rais Tshisekedi aliita vijana, na mwaka 2023 ikatoka sheria ya kuanzisha Akiba ya Kijeshi ya Ulinzi, ile RAD, na jina Wazalendo likawa mdomoni mwa kila mtu. Kwa Kifaransa kizuri: réserviste. Neno lile lina uzito. Nchi ikikuita réserviste, imekubali kwamba wewe ni wake, kwa sehemu ya wakati wako.

Sitaingia kwenye mambo ya nani yuko upande gani. Kwenye milima yetu kila familia inalia, na wasomaji wa ukurasa huu wanatoka pande zote. Nasema la makaratasi tu. Wengi wa hao vijana hawana mshahara, matrikule hawana, na tarehe yao ya kuingia inajulikana na komanda mmoja ambaye kesho anaweza kufa, na daftari lake likafa naye. Miaka 30 ijayo, wizara yoyote itakayotaka kuwalipa itauliza yale maswali matatu, na majibu hayatakuwepo. Watu watasema wenye haki hawajulikani. Watkins tulishamsikia.

Kuna atakayeniambia: we agronomo, vita viko mlangoni na wewe unazungumza pensheni ya 2055? Namuelewa. Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu ikafuata mwezi uliofuata, na nani ana nafasi ya kujaza fishi? Lakini mahindi yanaandikwa tarehe siku ya kupanda. Siku ya kuvuna, aliyesahau anabaki kubuni tu.

Nilimrudia mwenzetu, safari hii kwa simu. Nilimwambia sijui atastaafu na miaka mingapi, ila anunue daftari ya kurasa 96 aandike: siku ya kuondoka, siku ya kurudi, mahali, jina la aliyemwita, na majina ya wawili waliokuwa naye. Ukurasa ukijaa, aupige picha amtumie mtu aliye mbali na vita. Alicheka, akaniuliza kama naona serikali itakubali daftari ya mtoto wa shule. Nikamwambia labda hapana, lakini watoto wake watakubali.

Baada ya siku nne alinitumia picha ya ukurasa wa kwanza. Mwandiko ni wa mwalimu, mistari imepigwa na rula. Safari ya kwanza ina tarehe zote mbili. Ya pili ina ya kuondoka tu. Kwenye ya tatu ameandika mahali na jina moja, na mbele ya lile jina ameweka msalaba mdogo. Kutoka hapo mpaka chini ya ukurasa ameandika kwa penseli: "Zingine nitauliza wenzangu."