Ukuta Hufuata Sheria



Mtu akipita Marambo, au kijiji chochote katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, ataona nyumba za aina mbili zimesimama jirani. Moja ni ya miti na fito, imekandikwa udongo na kuezekwa nyasi. Ya pili ni ya tofali za kuchoma, ina bati juu na saruji sakafuni. Wapo wanaosema, tena kwa haraka mno, kwamba ile ya kwanza ni ya mtu asiyetaka maendeleo na hii ya pili ni ya mtu mwerevu. Leo napenda kuyapinga maneno hayo. Umaskini upo, sikatai. Lakini kwa zaidi ya miaka 100 mkulima wa kusini amejenga kwa kadiri sheria ilivyomhakikishia kwamba ataachwa akae. Sheria ilipomtia wasiwasi, alijenga nyumba ambayo angeweza kuiacha. Ilipompa imani, alichimba msingi.

Tuanze na Wajerumani. Mwaka 1897 walitangaza kodi ya nyumba, na mwaka uliofuata wakaanza kuitoza. Huko mashambani nyumba moja ilidaiwa rupia 3. Basi nyumba, ambayo tangu zama za mababu ilikuwa kinga ya mtu, ikageuka kuwa ushahidi dhidi yake. Kila mlango ulikuwa deni. Watu walifanya nini? Walifanya hesabu, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Waliohesabiwa nyumba tatu walihamia katika mbili, wakabanana. Kisha vikaja Vita vya Majimaji, mwaka 1905 hadi 1907, na huku kusini majeshi ya Wajerumani yalichoma nyumba na maghala ya chakula ili kuwatiisha watu kwa njaa. Aliyenusurika katika moto huo alikwisha kujua kwamba mali inayomfaa ni ile anayoweza kukimbia nayo.

Waingereza nao walipokuja hawakuiacha kodi hiyo. Mwaka 1922 walitunga sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa, na mwanamume mwenye wake wengi alilipia na nyumba za wake zake. Mwaka 1923 ikatungwa sheria ya ardhi iliyosema kwamba ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana. Mwaka 1928 sheria hiyo ilirekebishwa ili itambue kwamba mwenyeji anaikalia ardhi yake kwa mujibu wa mila. Lakini kutambuliwa ni jambo moja, na kuwa na karatasi mkononi ni jambo jingine. Mzungu wa shamba la mkonge alikuwa na hati. Mmwera wa Ruangwa alikuwa na mila zake na neno la wazee wake tu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja mradi wa karanga. Mwaka 1947 Nachingwea iliteuliwa kuwa mojawapo ya sehemu tatu za mradi huo, pamoja na Kongwa na Urambo. Msitu ukafyekwa kwa matrekta, mji ukapangwa, reli na bandari vikajengwa. Mwanzoni mwa 1951 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba mradi umeshindwa, na hasara yake ilikuwa zaidi ya pauni milioni 30. Muda mfupi baada ya uhuru hata reli yenyewe iling'olewa. Naomba tulitafakari jambo hilo. Waliojenga kwa chuma waliondoka, na waliojenga kwa miti na udongo wakabaki. Ni nani, basi, aliyekuwa hajui kujenga?

Sasa nifike kwenye sura ambayo wazee wetu wanaikumbuka vizuri zaidi, yaani Operesheni Vijiji. Mkoa wa Mtwara, ambao mpaka mwaka 1971 ulikuwa pamoja na Lindi, ulitangulia mikoa mingi kwa idadi ya vijiji vya ujamaa, na vita vya ukombozi ng'ambo ya Ruvuma vilikuwa sababu mojawapo. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika ifikapo mwisho wa 1976. Mwaka 1975 ikatungwa Sheria ya Vijiji. Kufikia mwaka 1977 watu yapata milioni 13 walikuwa wakiishi katika vijiji nchini kote.

Nataka niwe mwadilifu hapa. Shule, zahanati na bomba la maji haviwezi kumfuata kila mtu kwenye shamba lake, na watoto wengi wa kusini walisoma kwa sababu ya vijiji hivyo. Lakini katika sehemu mbalimbali za nchi nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi, na watu wakaoneshwa viwanja vilivyopangwa kwa mstari kando ya barabara, wakaambiwa wajenge upesi kabla ya mvua. Ajengaye upesi kabla ya mvua hachomi tofali. Hukata miti, akakandika. Huku kwetu kulikuwa na msiba mwingine, kwa kuwa mikorosho haihamishiki. Ilibaki kule mahameni, mbali na wenyewe, ikamezwa na vichaka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zaidi ya tani 140,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Bei na magonjwa ya mikorosho vilichangia, lakini na kuhama kulichangia. Na katika nchi hii korosho ndiyo bati, ndiyo saruji, ndiyo ujira wa fundi.

Baadaye likazuka swali ambalo halikuwa limejibiwa. Kiwanja nilichopewa wakati wa Operesheni ni changu, au ni cha yule aliyekilima kabla yangu? Kesi zilijaa mahakamani, hasa katika mikoa ya kaskazini. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji, nayo ikatembea nchi nzima kusikiliza wananchi. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria iliyofuta haki za kimila za wale wa awali katika vijiji vya Operesheni, tena bila ya fidia. Mwaka 1994, katika shauri la mzee Lohay Akonaay na mwanawe, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba mtu hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Ndugu zangu, ilikuwa imepita miaka 71 tangu sheria ya Gavana. Neno la wazee likawa limepata uzito wa hati.

Ndipo zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, ambazo zilianza kutumika Mei 1, 2001. Sheria ya Vijiji ilithibitisha viwanja vilivyogawiwa kati ya Januari 1970 na Desemba 1977, kwa hiyo aliyeambiwa ajenge pale sasa ana haki ya kuwa pale. Iliweka usimamizi wa ardhi mikononi mwa halmashauri ya kijiji, chini ya macho ya mkutano mkuu wa kijiji. Ilileta hatimiliki ya kimila. Tena ilitamka kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawasawa na mwanamume, na kwamba katika wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji, wanawake wasipungue 3.

Jambo hilo la wanawake lina uzito wa pekee huku. Wamwera, Wamakua na Wayao tangu zamani walihesabu ukoo upande wa mama, na mwanamume akioa aliweza kujenga ukweni. Nyumba ya miti haikuleta ugomvi mkubwa. Ndoa ikivunjika, mume huchukua shoka lake akaenda zake. Lakini leo kijana akizika fedha za misimu mitatu ya korosho katika tofali, bati na saruji juu ya ardhi ya mama mkwe, nyumba ni ya nani? Mila peke yake haikuwahi kuulizwa swali hilo, kwa sababu haikuwahi kuwapo nyumba isiyoweza kuachwa. Hati yenye majina ya mume na mke ingejibu kabla ya ugomvi kuanza.

Na haja ya hati inaongezeka. Ruangwa kuna madini ya kinywe, na Nachingwea, kule Ntaka, kuna nikeli. Kiwanda kikubwa cha saruji kilifunguliwa Mtwara mwaka 2015. Mji unapanuka, na kijiji kikiingizwa katika eneo la mipango miji, anayejenga atatakiwa kuwa na kibali cha ujenzi na kufuata ramani. Kodi nayo imepita katika mlango mwingine: tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye umeme wa LUKU, nyumba ya kawaida Sh. 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda kuwa Sh. 1,500. Mjerumani alihesabu milango, sisi tunahesabu mita. Tofauti ni kwamba leo tunaye mbunge wa kumwuliza, na diwani wa kumbana.

Mimi nasema hivi. Kabla hujachoma tofali, nenda kwa mtendaji wa kijiji. Uliza kama kijiji kina cheti cha ardhi yake, na kama eneo unalotaka limetengwa kwa makazi. Omba hatimiliki ya kimila, na majina ya wenye haki yote yaandikwe. Siku mradi utakapotaka kupita hapo, sheria inasema fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati, na kanuni za mwaka 2001 zinataja pia posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi. Asiyejua ataridhika na bei ya ukuta tu.

Na kwa wakubwa wetu nasema: msihesabu bati peke yake mnapopima maendeleo ya Marambo. Hesabuni na hati zilizo ndani ya masanduku ya watu. Mwenye hati ataezeka mwenyewe.