Nyoka ya Musa na jina la shaba

Katekista mmoja wa Yanonge alikuwa akieleza Kitabu cha Hesabu, sura ya 21. Mzee mmoja akamwuliza: «Nyoka ya Musa ilikuwa ya shaba gani? Ya mitako?» Ulizo hili si la mchezo. Kando ya mto wetu, zamani za Leta ya Léopold II (1885-1908), mitako ilitumika sawasawa na feza. Ilikuwa nyaya nene za rangi ya manjano, zilizotoka Ulaya. Kwa wazee shaba ndiyo ile.

Lakini mitako si shaba tupu. Ni shaba iliyoyeyushwa pamoja na zinki. Na jina letu lenyewe linatuchanganya. Limetoka kwa Waarabu: kwao shabah ni shaba ya manjano, iliyoitwa hivyo sababu inafanana na zahabu. Waswahili wakalipanua, likashika na ile nyekundu. Waroma walifuata njia ingine. Shaba yao nyingi ilitoka kisiwa cha Kipro, wakaiita aes Cyprium, na mwisho cuprum tu. Ndipo Wafaransa walipopata cuivre.

Shaba nyekundu hupatikana mara ingine udongoni ikiwa safi kabisa, kama majani ao matawi madogo. Ni nzito karibu mara 9 kupita maji; huyeyuka kwa moto wa digri 1084; ukiipiga nyundo haivunjiki, hutandaa. Katanga, tangu kitambo, watu waliyeyusha zaidi jiwe la kijani, malakite, kwa makala na mivukuto. Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyekuwa baadaye askofu huko, aliandika habari zao mwaka 1926, akawaita «walaji wa shaba».

Turudi kwa Musa. Neno la Kiebrania, nehoshet, linashika shaba nyekundu, na bronzi pia, yaani shaba na bati. Katika Kumbukumbu la Torati 8, 9 shaba inachimbwa milimani: hapo ni nyekundu, maana bronzi haichimbwi. Juu ya nyoka, Maandiko hayaelezi. Lakini mwaka 1969, huko Timna, kusini ya Israeli, penye machimbo ya kale, wataalamu walifukua katika mahali pa ibada pa Wamidiani nyoka ndogo ya shaba, kichwa chake kimepakwa zahabu. Si ile ya Musa, mtu asidanganyike! Walakini Musa alioa kwa Wamidiani. Na mafundi wa wakati ule hawakuwa na desturi ya kutia zinki. Basi mimi ningemjibu mzee: nyekundu, ao bronzi, mitako, hapana.