Mtindi, Vijidudu na Istilahi: Historia Fupi ya Utafiti wa Probiotiki na Nafasi ya Afrika Mashariki

Makala haya yanafuatilia historia ya wazo moja: kwamba baadhi ya bakteria, wakiingia mwilini wakiwa hai kwa njia ya chakula, humpa mlaji manufaa ya kiafya. Mimi si mtaalamu wa mikrobiolojia. Nililazimika kuisoma historia hii nilipoombwa kuhariri tafsiri ya kijitabu cha lishe ambamo maneno mtindi, probiotiki na bakteria wazuri yalitumiwa kana kwamba yanataja kitu kimoja. Nilidhani ningerekebisha istilahi kwa siku mbili. Kumbe mkanganyiko ule ulikuwa na umri wa karne nzima, na wanasayansi wenyewe walikuwa na sehemu yao katika kuuzaa.

Mwanzo wa wazo hili katika maabara huhusishwa na Élie Metchnikoff, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich kwa utafiti wa kinga ya mwili. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 kuhusu kurefusha maisha, alidai kwamba bakteria waozeshao chakula katika utumbo mpana hutoa sumu zinazoharakisha uzee, na kwamba bakteria wa maziwa yaliyochachuka wangeweza kuwazuia kwa asidi yao. Alitegemea habari za wakulima wa Bulgaria waliosemekana kuishi miaka mingi huku wakinywa maziwa ya namna hiyo. Bakteria wa maziwa hayo alikuwa ameelezwa mwaka 1905 na kijana wa Kibulgaria, Stamen Grigorov, aliyekuwa akisoma Geneva. Kabla yao, Henry Tissier, naye wa Taasisi ya Pasteur, alikuwa amewatenga kutoka katika kinyesi cha watoto wanyonyao bakteria ambao leo huitwa bifidobakteria.

Dai la Metchnikoff lilikuwa na kasoro mbili ambazo zingali zikijirudia. Kwanza, alichukua desturi ya jamii nzima, yenye hewa yake, kazi zake na chakula chake chote, akaipachika kwa kiumbe mmoja. Pili, bakteria yule wa Bulgaria hakuthibitika kuweza kukaa katika utumbo wa binadamu, jambo lililowafanya watafiti wa miaka ya 1920 kugeukia spishi nyingine. Metchnikoff mwenyewe alifariki mwaka 1916 akiwa na umri wa miaka 71.

Hata hivyo wazo halikufa. Mwaka 1917 Alfred Nissle, nchini Ujerumani, alieleza bakteria aliyempata kwa askari ambaye hakuugua wakati wenzake waliharisha. Mwaka 1930 Minoru Shirota wa Japani alitenga bakteria ambaye miaka mitano baadaye alikuwa ndani ya vichupa vya Yakult. Neno lenyewe lilichelewa. Lilly na Stillwell walilitumia mwaka 1965 kwa vitu vinavyotolewa na kiumbe mdogo mmoja na kuchochea ukuaji wa mwingine. Parker akalihamishia kwenye lishe ya mifugo mwaka 1974. Fuller akasisitiza mwaka 1989 kwamba lazima viumbe wenyewe wawe hai. Mwaka 2001 wataalamu waliokutanishwa na FAO na WHO huko Córdoba, Argentina, walikubaliana juu ya maana inayotumika hadi leo: viumbe wadogo walio hai ambao, wakitolewa kwa kiasi cha kutosha, humnufaisha kiafya anayewapokea. Maneno kiasi cha kutosha ndiyo yaliyokosekana katika kile kijitabu.

Afrika Mashariki huingia katika historia hii mapema kuliko wengi wanavyodhani, na huingia kwa njia ya ajabu. Mwaka 1974 daktari wa Kimarekani George Mann na Anne Spoerry, yule daktari wa ndege aliyejulikana sana Kenya, walichapisha jaribio lililowahusu wanaume 24 wa Kimaasai. Nia ilikuwa kupima kama kitu fulani cha kutawanya mafuta kingepandisha kolesteroli katika damu. Wanaume wale walikunywa maziwa ya mgando kwa wingi sana. Baadhi walitiliwa kitu hicho, wengine hawakutiliwa. Kolesteroli ilishuka kwa makundi yote mawili. Kilichoandaliwa kuwa chombo tu cha kubebea dawa ya jaribio kikawa ndicho habari yenyewe, na Mann akaendelea kuichunguza mtindi huko Marekani. Watafiti wengi wa baadaye hulitaja jaribio hilo kama chimbuko la utafiti wa bakteria na kolesteroli. Ni nadra kumkuta atajaye namna Wamaasai wenyewe walivyoyagandisha maziwa yao kibuyuni.

Njia ya pili ilipitia uji. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na wenzao wa Sweden, akiwemo Wilbald Lorri, walichunguza uji uliochachushwa kwa asidi ya laktiki, wa jamii ya togwa. Watoto waliolishwa uji huo waliharisha mara chache kuliko wenzao, na vimelea viletavyo maradhi ya tumbo vilipungua katika vinyesi vyao. Hapa sababu kubwa yaelekea kuwa asidi yenyewe, ambayo huzuia vimelea kustawi ndani ya chakula kabla hakijafika mdomoni. Hayo ni manufaa halisi. Lakini hayahitaji jina la probiotiki, na kuyapa jina hilo ni kuyaeleza vibaya.

Njia ya tatu yatufundisha zaidi. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada ulianza kushirikiana na wanawake wa kikundi cha Tukwamuane jijini Mwanza kutengeneza mtindi wenye bakteria Lactobacillus rhamnosus GR-1, ulioitwa Fiti. Wengi wa walengwa waliishi na virusi vya UKIMWI, katika miaka ambayo dawa za kufubaza virusi hazikuwafikia wote. Uchunguzi wa awali ulitia matumaini kwamba seli za CD4 za watumiaji ziliongezeka. Ndipo likafanyika jaribio la kubahatisha makundi, lililochapishwa mwaka 2011, ambamo kundi moja lilipewa mtindi wenye virutubishi na jingine mtindi uleule ukiwa na GR-1. Bakteria hawakuongeza faida yoyote ya kinga iliyoonekana. Naliheshimu jaribio hilo kuliko matangazo mengi niliyowahi kutafsiri: waliokuwa na matumaini makubwa ndio walioyapima, na wakachapisha jibu wasilolitaka. Wanawake wa Mwanza waliendelea kupata kipato na watu wakaendelea kupata protini, mambo ambayo hayakuhitaji CD4 ili yawe na thamani.

Nchini Malawi, jaribio la mwaka 2009 juu ya watoto 795 wenye utapiamlo mkali halikuonyesha kwamba mchanganyiko wa bakteria uliongeza idadi ya waliopona utapiamlo. Kwa upande mwingine, huko Odisha, India, utafiti wa mwaka 2017 wa watoto wachanga zaidi ya 4,500 ulionyesha kwamba Lactobacillus plantarum, akitolewa pamoja na sukari maalumu ya kumlisha, alipunguza maambukizi ya damu na vifo kwa takribani asilimia 40. Matokeo hayagongani. Bakteria walikuwa tofauti, na watoto nao walikuwa wa umri na hali tofauti.

Hapo ndipo lugha inapobanwa. Kiswahili kina msamiati tajiri wa maziwa: mtindi, maziwa ya mgando, na maziwa lala ya Kenya, ambayo jina lake huhesabu usiku mmoja wa kungoja. Kwa upande wa viumbe wenyewe tumerithi lugha ya kampeni za usafi. Vijidudu ni adui tangu kiambishi chake cha kudunisha; vimelea huishi kwa hasara ya mwingine. Mfasiri anayetaka kusifu bakteria hukimbilia bakteria wazuri au bakteria rafiki, na kwa kufanya hivyo huugeuza ushahidi unaohusu kiumbe mmoja kuwa sifa ya kundi zima. Kinachopimwa maabarani si hata spishi. Ni kile ninachopendekeza tukiite ukoo wa bakteria: uzao mmoja unaotambulika ndani ya spishi, kama GR-1.

Ukoo una wenyewe pia. Bakteria aitwaye GG, aliyepewa herufi za Gorbach na Goldin waliomtenga mwaka 1983, alilindwa kwa hataza. Hataza ilipokwisha, mradi wa Yoba ulimzalisha upya kwa jina jingine na kumpeleka Uganda katika pakiti za gramu moja, kila moja ikitosha lita 100 za maziwa. Lakini mwaka 2018 jaribio la Marekani lenye watoto 971 waliokuwa na ugonjwa wa tumbo lilionyesha kwamba GG hakushinda dawa bandia.

Umoja wa Ulaya ulichagua ukali: neno probiotiki kwenye kifungashio huhesabiwa kuwa dai la kiafya, na dai lililokubaliwa, la mwaka 2012, linahusu bakteria wa mtindi wa kawaida kusaidia umeng'enyaji wa laktosi, iwapo wapo angalau milioni 100 katika kila gramu. Kwa viwango vyetu vya kikanda napendekeza jambo jepesi zaidi. Kifungashio cha Kiswahili kitakachotumia neno probiotiki kitaje ukoo na idadi ya bakteria walio hai hadi siku ya mwisho wa matumizi. Kisichoweza kuvitaja kiandike mtindi.