Mganga, Tabibu na Daktari

Waswahili wana majina matatu ya mwenye kuponya, na kila moja lilifika kwa njia yake. La kale zaidi ni mganga. Mzizi wake ni wa Kibantu na umeenea mbali: Wakongo husema nganga, Washona n'anga. Wala kuganga hakukuhusu mwili peke yake; kilichovunjika au kupasuka nacho kiligangwa, yaani kiliungwa. Ndiyo maana methali husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Tabibu alikuja na Kiarabu, pamoja na jamaa zake tiba na matibabu. Malenga walimpenda, mgonjwa wa mahaba aghalabu humwita yeye. Kiarabu kina pia hakīm, mwenye hekima, ambaye kwao ni mganga vilevile. Lakini hakimu wetu ametoka kwa hākim, mwenye kuhukumu. Masikio ya pwani hayakupambanua irabu ndefu na fupi, na mahakama ikalitwaa jina.

Daktari asili yake ni Kilatini, docere, kufundisha. Katika vyuo vya kale vya Ulaya cheo hicho kilikuwa cha mwalimu kabla ya kuwa cha mtibabu. Kiswahili kimewatenga vizuri kuliko Kiingereza kilichotukopesha: dakta ni msomi wa shahada ya uzamivu, daktari ni mtu wa hospitali.

Aliyeumia ni mganga. Wakoloni walimpa jina lenye uchawi ndani yake, ilhali mganga ndiye hasimu wa mchawi, kisha zikaja sheria za uchawi, Kenya mwaka 1925 na Tanganyika 1928. Nchini Kenya leo, mganga hatarajiwi kuandikwa mlangoni mwa hospitali. Tanzania ililihifadhi neno: Mganga Mkuu wa Serikali, wa Mkoa, wa Wilaya, wote ni madaktari waliosomea udaktari. Tabibu naye huko amekuwa kada, chini ya daktari, jambo ambalo malenga wasingelikubali.

Mwaka 2002 Tanzania Bara ilitunga sheria ya kuitambua tiba asili. Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli. Watu wakasema waganga wamepigwa marufuku, na waliojua mitishamba tu wakatiwa katika kapu moja na wauaji. Wiki hizo hizo, barua za Waganga Wakuu wa Wilaya ziliendelea kutiwa saini na mihuri kama kawaida.