Mgomba Mwitu, Matoke na Majina Yake

Ndizi zinazopakiwa kwenye malori Rwekubo, wilayani Isingiro, zikielekea Mbarara na Kampala hazina mbegu. Jambo hilo liliwasumbua wanabotania kwa takriban miaka mia mbili.

Carl Linnaeus aliushuhudia mgomba ukichanua mwaka 1736, katika bustani ya George Clifford huko Hartekamp, Uholanzi. Mwaka 1753 akauita Musa paradisiaca, na mwaka 1759 akaongeza Musa sapientum. Majina yote mawili aliyapa mimea ya shambani, inayozalishwa kwa machipukizi, kana kwamba ni spishi za porini. Waliomfuata wakaendelea vivyo hivyo, hadi vitabu vikajaa majina ya Kilatini ya migomba ambayo haikuwahi kuota yenyewe msituni. Huko Turin, mwaka 1820, Luigi Colla alikuwa ameshazieleza Musa acuminata na Musa balbisiana, ndizi mwitu zilizojaa mbegu ngumu. Zaidi ya karne moja ilipita kabla ya uzito wa kazi yake kutambuliwa.

Ernest Cheesman ndiye aliyelisafisha shamba hilo, kwa makala alizochapisha katika jarida la bustani ya Kew kuanzia mwaka 1947. Alianza na mmea wa kwetu. Msafiri James Bruce aliukuta Ethiopia katika karne ya 18. Mwanabotania Gmelin akauita Musa ensete mwaka 1791. Welwitsch naye akautaja kutoka Angola mwaka 1859 kama Musa ventricosa. Cheesman akauondoa katika jenasi ya Musa na kuuita Ensete ventricosum. Alikuwa na haki. Mgomba mwitu huu una gogo lililovimba chini na kwa kawaida hautoi machipukizi. Huzaa mara moja, ukamwaga mbegu, ukafa. Kromosomu zake za msingi ni 9, ilhali za acuminata na balbisiana ni 11. Waganda huuita kitembe. Katika Uganda nzima ndio jamaa pekee wa ndizi aliye mwenyeji wa pori. Musa zote asili yake ni Asia na visiwa vya Pasifiki, ingawa mtafiti wa ndizi Norman Simmonds aliitaja acuminata yenye mbegu kisiwani Pemba.

Simmonds huyo, pamoja na Kenneth Shepherd, walipendekeza mwaka 1955 kuachana na Kilatini kwa ndizi za shambani. Walipima sifa 15 za mmea, kila moja ikipewa alama kulingana na ukaribu wake na acuminata, yaani A, au balbisiana, yaani B. Matoke yakawa AAA.

Herufi tatu, lakini mkulima wa Ankole ana Enyeru, Kibuzi, Entaragaza, Enzirabahima na Mbwazirume, na hazichanganyi hata kidogo. Ndiyo maana naithamini sana kazi ya Deborah Karamura, aliyeyapanga matoke ya Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Alipima mimea yenyewe, kisha makundi matano aliyoyapata akayapa majina yaliyotoka kwa wakulima: Nfuuka, Musakala, Nakabululu, Nakitembe na Mbidde. Mwaka 2016 watafiti wa jenetiki walionyesha kwamba matoke, ndizi hizi za nyanda za juu, zinafanana mno kiasi cha kuonekana zimetoka kwa mgomba mmoja au michache tu. Tofauti ambazo mkulima anazitambua mwenyewe, kwenye umbo la mkungu na uchungu wa utomvu, maabara ilizipata kwa shida.

Ndizi mwitu zenyewe hazijapoteza kazi. Calcutta 4, acuminata yenye mbegu, imetumiwa katika kituo cha utafiti cha Kawanda kuyapa matoke kinga dhidi ya ugonjwa wa majani uitwao sigatoka nyeusi. Mwaka 2010 Uganda iliwapa wakulima ndizi chotara M9, wakaijua kwa jina Kiwangaazi.

Jirani na Rwekubo ipo Nakivale, makazi ya wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Humo wanaishi Wanyarwanda, Warundi na Wakongo, na sokoni Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Mnyarwanda huleta majina yake: inyamunyo kwa ya kupika, intuntu kwa ya pombe, ile ile ambayo Karamura angeiweka katika Mbidde. Natamani mtu aketi na wazee wa Nakivale ayaandike majina hayo yote sambamba na ya Kinyankole, mgomba kwa mgomba, wakati wanaoyajua bado wapo.